Mateka wa Kimamba

Bibi yangu mzaa mama alitoa sharti moja tu, tena kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkaa: hapandi gari la kwenda hospitali mpaka aione harusi ya mjukuu wake. Hataki kusimuliwa, anataka kuona.

"Na usinitumie vile vipande vyenu vya kwenye simu," akaniambia. "Mtoto nimemlea mwenyewe, halafu nimuone mdogo kama kipande cha sabuni? Nataka kwenye tivii, mwanzo mpaka mwisho, nikiwa nimeshakula."

Alikuwa Mikumi, kwa mama mdogo, kalala sebuleni na mguu umefungwa. Alianguka bombani akigombea zamu ya ndoo, na mama mdogo anasema hata akiwa chini bado alikuwa anajibizana. Mfupa ukaunga vibaya. Daktari wa Morogoro akasema inabidi ufunguliwe, uwekewe chuma, la sivyo hatatembea tena. Akapanga upasuaji uwe Jumanne, na Jumatatu mgonjwa awe wodini. Bibi kwanza akasema hawekewi chuma, yeye si baiskeli. Kisha akasema daktari mwenyewe mtoto. Kisha akasema usingizi wa sindano hauna adabu, unamchukua mtu bila kuaga. Harusi ya mdogo wangu ilipokaribia akapata sababu nzuri kuliko zote, akaing'ang'ania.

Gari lilishapangwa: Jumatatu, saa nne asubuhi, Mikumi. Harusi ilikuwa Jumamosi, Kilosa. Na mpiga video wa harusi nilikuwa mimi. Kwa hiyo mguu wa bibi yangu, jamani, ulikuwa umeingia kwenye kamera yangu, na kila mtu kwenye ukoo alikuwa ananiangalia mimi.

Nijieleze kidogo. Mimi nina hasira za karibu. Nikishika kamera nakuwa mtu wa maana, natulia, navumilia hata mashemeji walevi. Nikiiweka chini tu, narudi kuwa pilipili. Labda ndiyo maana nina utaratibu wangu ambao sitaki mtu auchezee. Kadi zangu za kamera nazipaka rangi ya kucha mgongoni: nyekundu ni ya kwanza, kijani ni ya pili. Nikirudi nyumbani nakopi nyekundu kwenye kompyuta, naifungua kuhakikisha, ndipo nakuja kwenye kijani. Sikati kitu, sifuti kitu, mpaka picha ziwe sehemu mbili. Kwa utaratibu huo sijawahi kupoteza harusi ya mtu, na huwa najisifu nao bila kuombwa.

Jumamosi ilikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Kadi nyekundu ilibeba asubuhi, kusuka, kupika, wanaume na ndoa yao. Kadi ya kijani ikabeba jambo lenyewe: wanawake wanavyocheza uwanjani, na mdogo wangu anatolewa ndani amefunikwa, anafunuliwa, anaanza kulia kabla hata hajaona watu. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo. Sote wawili tumelelewa na bibi huyu. Mahali pale alipotakiwa kusimama bibi akasimama shangazi, na mdogo wangu akalia zaidi, na mimi nyuma ya kamera nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Lakini sikuacha kupiga. Nilijiambia, hapa ndipo bibi atakapopaona, hapa hapa.

Kitu kimoja tu kilinikera siku nzima. Mtani.

Sisi ni Wasagara, na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara ya pembe; mpaka leo kwa utani tunaitana watumwa. Huyu mtani wetu ni bibi wa makamo ya bibi yangu, anakaa Kimamba. Babu yake alikuja kukata mkonge, mkonge ukaisha, wao wakabaki. Hakuna shughuli ya kwetu anayoikosa, iwe harusi au msiba. Siku hiyo alikuja amevaa koti la suti la kiume juu ya gauni, shingoni amening'iniza ungo. Kila nikipata picha nzuri ya bibi harusi, anapita mbele na ungo wake. Nahamia kushoto, yumo. Nahamia kulia, yumo, anakata kiuno. Nikaanza kumkwepa. Akija, nageuza kamera kwa mashangazi. Mara kumi, mara ishirini. Nilidhani hajaona.

Thubutu!

Jumapili asubuhi nyumba ilikuwa bado imejaa watu waliolala pale, wanakula kiporo cha pilau na kusifia kwamba kimekuwa kitamu kuliko jana. Nikaweka kompyuta juu ya meza ya sebuleni, nikachomeka kadi nyekundu, nikaanza kukopi. Mnaoijua kazi hii mnajua raha yake na karaha yake. Kuna ule mstari unatambaa, na chini yake maandishi: zimebaki dakika ishirini. Unaenda kunywa chai, ukirudi zimebaki saa mbili. Unakaa ukiwa umekata tamaa, zimebaki dakika nne. Sijawahi kuonana na mtu aliyeitunga ile hesabu, lakini nahisi zamani alikuwa fundi cherehani.

Huku nyuma mashangazi wamenizunguka.

"Mimi nimo?"

"Nioneshe pale nilipovaa lile la zambarau."

"Huyu kwa nini kanipiga nikiwa natafuna?"

"Shangazi, bado. Zinahama kwanza. Zikihama ndiyo tunaziona."

"Zinahama zinaenda wapi?"

Nyekundu ikamaliza. Nikaifungua, imetimia, nikatabasamu mwenyewe. Kijani ilikuwa juu ya kisahani cha chai, pembeni ya kompyuta, inasubiri zamu yake. Hapo hapo simu ikalia, bibi.

"Umeshamaliza?"

"Ndiyo naanza, bibi."

"Gari ni kesho saa nne. Mimi naona hutawahi. Basi, tuache tu."

"Bibi! Nitawahi!"

Nilitoka nje kumbembeleza vizuri, maana kelele ndani zilikuwa nyingi. Sikukaa hata dakika tano. Niliporudi, kisahanini palikuwa na kipande cha kitumbua.

Mama yangu weee. Niliinua kisahani. Niliinua kitumbua. Niliinua kompyuta, kitambaa cha meza, mto wa kochi pamoja na shangazi aliyeukalia. Pilipili ikapanda. Nikafunga mlango, nikasema hatoki mtu, kila mtu akung'ute nguo. Watu wazima wakasimama wakakung'uta! Shangazi mkubwa akakung'uta hata kilemba. Nilikuwa naona mguu wa bibi tu, umelala vile vile mwaka huu na mwaka ujao, kwa sababu nilitoka nje na kuacha kadi kwenye kisahani.

Baba akaingia kutoka barazani na kikombe chake mkononi. Akatuangalia, akaanza kucheka.

"Mtani amekuja kuniaga sasa hivi," akasema. "Ameniaga vizuri sana, mpaka ameniombea dua. Nikajua tu kuna kitu amebeba."

Nikapiga simu. Akapokea, upepo wa pikipiki unavuma.

"Nimeteka," akasema. "Mateka ni mzima, nimemfunga kwenye pindo la kanga. Lete jogoo."

"Bibi, nakuomba, ile kadi ni ya kumpelekea bibi Mikumi, kesho ana—"

"Jogoo, mtumwa wangu. Na asiwe na kikohozi." Akakata.

Sebule nzima ikaangua kicheko, na wale niliowakung'utisha nguo ndio waliocheka zaidi. Mimi nilitaka kulia, nilitaka kupiga mtu, na sikuruhusiwa hata kimoja kati ya hivyo. Kwetu mtani hakasirikiwi. Anachukua kitu, unakikomboa, yameisha. Ukinuna umeshindwa wewe na ukoo wako wote, na itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo nikasimama pale nacheka meno nje, machozi yananilenga, huku baba ananichagulia jogoo.

Sasa nipateni picha: mimi nyuma ya bodaboda, njia ya Kimamba, kamera shingoni, jogoo kwapani ndani ya mfuko wa salfeti, kichwa chake kikiwa nje. Kila tukiruka shimo, jogoo anawika. Watu wanaopita na baiskeli wanashuka kutuangalia. Dereva wa bodaboda alicheka mpaka akasimama pembeni, eti afute macho, asije kutuua wote. Nilianza nimenuna. Tulipofika kwenye yale mashamba ya zamani ya mkonge, jogoo akawika sikioni mwangu kwa mara ya saba, nikashindwa. Nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma, na sikujua nacheka nini, hofu au upuuzi wa jambo lenyewe.

Mtani alikuwa amekaa kibarazani kwake, ananisubiri, ameshaweka kigoda cha mgeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba haitoki kabla ya jogoo."

Nikamkabidhi. Akamgeuza, akampuliza manyoya, akamtazama chini ya mbawa.

"Huyu ni jogoo au njiwa?"

"Jogoo, bibi."

"Haya. Marahaba."

Akamfunga jogoo mguu kwenye nguzo, kisha akaanza kufungua pindo la kanga. Ikatoka sarafu. Ukatoka ufunguo. Ikatoka karatasi ya ugoro, imepasuka. Halafu, katikati ya ule ugoro, imelala kadi yangu ya kijani, imepakwa unga mweusi mwili mzima.

"Bibi! Ugoro!"

"Ugoro unafukuza wadudu."

Nikanyoosha mkono. Akafumba kiganja.

"Bado. Jana nimecheza mpaka magoti yamelia. Kila nikija mbele, kamera yako inageuza shingo. Ulidhani sikuoni?" Akanitolea macho. "Leo utanipiga. Mimi peke yangu."

Niliona aibu, maana ilikuwa kweli. Nikamwambia sawa bibi, nina kadi nyingine kwenye begi, nitakupiga vizuri.

"Sitaki nyingine. Nitie kwenye kidude hiki hiki, nikae pamoja na bibi harusi."

Utamwambia nini? Nikaifuta kadi kwa upindo wa gauni, nikapuliza, nikapiga chafya tatu, nikaitia kwenye kamera nimefumba macho. Kamera ikaikubali. Nikataka kumbusu mtani na jogoo wake.

"Nimuige nani?" akauliza, halafu akajijibu mwenyewe: "Nitamuiga huyo mtumwa wangu wa Mikumi."

Na akaanza. Jamani, yule bibi ni balaa. Alichukua mwiko akaufanya mkongojo, akavuta mguu kama bibi yangu anavyovuta, akabinua mdomo kama bibi yangu anavyobinua. Sauti ile ile! "Ooo mguu wangu, ooo zamu yangu ya ndoo, mimi si baiskeli!" Habari zote za Mikumi alikuwa nazo. Halafu akaigeukia kamera, akaielekezea mwiko.

"Wewe mwoga, nenda huko kwenye kisu. Ukifa mimi nafaidi. Nitavaa magauni yako yote, moja juu ya jingine. Nitakaa mlangoni, jeneza halipiti mpaka nipewe mbuzi. Na mbuzi nitamla nimekaa kwenye kiti chako." Akalala juu ya mkeka, akakunja mikono kifuani, akatoa ulimi. Amekufa. Kisha akafungua jicho moja: "Pilau imeiva?"

Nilikuwa nacheka mpaka kamera inaruka. Alipomaliza nikabonyeza, nikaiachia ining'inie shingoni, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akawa ananiuliza habari za mgonjwa, nikamjibu haraka haraka. Kichwa changu kilishafika kwenye kompyuta. Sikumbuki hata nilimjibu nini.

Nilirudi Kilosa jua limeshapita utosini. Nikanawa mikono kama daktari, nikachomeka kadi ya kijani. Kompyuta ikakaa kimya. Kisha ikaniuliza, kwa utulivu kabisa, kama nataka kuifomati kadi hii.

Kwa wasiojua: ilikuwa inaniuliza kama inifutie harusi yote. Na kitufe cha kukubali ndicho kinachong'aa. Shangazi mmoja akanyoosha kidole kusaidia, "Si inasema bonyeza hapa?" Nikapiga kelele ambayo majirani waliiuliza. Nikachomoa kadi. Nikasugua vile vijino vyake vya shaba kwa kitambaa cha miwani ya baba. Nikachomeka. Kimya. Nikachomoa, nikapuliza ndani ya kile kidude cha kusomea kadi, ugoro ukanirudi usoni, nikapiga chafya, shangazi akapiga chafya, baba akapiga chafya akiwa barazani. Nikachomeka mara ya tatu, nikashika kiti kwa mikono miwili.

Folda ikafunguka. Zimo zote, moja moja, mpaka ya mwisho.

Nilicheza! Nilimshika shangazi mkubwa tukazunguka naye meza, na kiporo chake mkononi. Nikaanza kukopi, na safari hii sikutoka hata kwenda chooni. Mstari ukasema saa moja, ukasema dakika tisa, ukasema dakika thelathini, nikaupa heshima zake zote.

Kuhariri nilikwenda mbio. Nyekundu niliikatakata vizuri, mwendo mzuri, sauti safi. Kijani nikaimwaga yote kwa mpangilio wa namba, nikianzia pale wanawake wanapoingia uwanjani, nikijua kwamba nikifika mwisho nitamtoa mtani. Lazima atoke. Ni kichaa gani atampelekea mgonjwa anayekwenda kupasuliwa filamu ya mazishi yake mwenyewe? Nikafika mahali mdogo wangu anapofunuliwa. Nikaiangalia. Nikairudia. Nikaiangalia mara nne, nikalia, nikafurahi, nikajiona mimi ni mpiga picha hasa. Adhana ya magharibi ikalia. Kwa furaha ile ile nikabonyeza kutoa filamu, ikatoka, nikaitia kwenye fleshi, fleshi nikaifunga kwenye leso, leso nikaitia kifuani, nikalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Jumatatu nilipanda basi la kwanza. Tulipofika Ulaya, kile kijiji cha njiani, palikuwa ndiyo kwanza panapambazuka, watu wanashuka na majembe, na mimi peke yangu natabasamu dirishani. Saa mbili na nusu nilikuwa sebuleni kwa mama mdogo, Mikumi.

Bibi alikuwa ameshakula. Amevaa kilemba kipya, ameegemezwa kwa mito minne, rimoti ameikalia ili mtu asiguse. Majirani sita wamejipanga kwenye mikeka. Dereva wa gari la hospitali naye akaletwa ndani akapewa chai, akaambiwa asubiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Weka."

Nikaweka. Naapa sijawahi kuwa na watazamaji wa namna ile. Bibi aliijibu harusi kama yupo. Bwana harusi alipotokea akasema, "Huyu ndiye mume wetu? Masikio makubwa. Vizuri, akiitwa atasikia." Mashangazi walipoingia wakicheza akawakosoa mmoja mmoja kwa majina ya utotoni. Dereva alikuwa anacheka chai inamwagika. Halafu mdogo wangu akatolewa, akafunuliwa, na bibi akaacha kukosoa. Akanishika kidole kimoja tu, cha mwisho, akakibana. Hakukiachia mpaka mdogo wangu alipoingia kwenye gari na vumbi likatulia.

"Alhamdulillahi," akasema. Akajifuta macho kwa kilemba. "Umefanya kazi nzuri, mjukuu wangu. Nimeona. Sasa mwambieni kijana wa watu arudi na gari lake."

Mama mdogo akasimama. "Mama! Si ulisema ukiona utakwenda?"

"Nilisema sipandi kabla sijaona. Sikusema nikiona nitapanda." Kisha sauti ikamshuka. "Naogopa, jamani. Mnataka niseme, nimesema. Mama wa huyu aliingia kwa miguu yake hospitali ile, mkamrudisha mmemfunika. Mimi sina ninachodai tena. Nimemuoza wa mwisho. Niacheni na mguu wangu hapa hapa."

Mama mdogo akakaa tena. Mimi nilijisikia kama nimepigwa. Kazi yangu yote ile, ugoro na jogoo na mbio, ndiyo niliyomletea ruhusa ya kubaki kitandani.

Na hapo tivii, ambayo tulishaisahau, ikawika.

Jogoo. Halafu kibaraza cha Kimamba, na mtani akitokea na mwiko wake.

Sikumtoa! Niliangalia kufunuliwa mara nne nikasahau kumtoa! Niliruka kuifuata rimoti, rimoti iko chini ya bibi. Nikaruka kuichomoa fleshi.

"Muache!" bibi akafoka. "Huyo si mtumwa wangu?"

Kwa hiyo tukaangalia wote, mimi nimejifunika uso kwa mtandio. Mguu ukavutwa. Mdomo ukabinuliwa. Mimi si baiskeli! Jirani mmoja akajiziba mdomo. Ikafika kwenye kisu, kwenye magauni moja juu ya jingine, kwenye jeneza na mbuzi. Nikachungulia. Bibi alikuwa anatikisika mabega, nikadhani analia, nikasema basi nimemuua. Kumbe anacheka. Anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anapiga mto kwa ngumi. Mtani alipofungua jicho moja akauliza pilau, sebule nzima ililala chini, na dereva akatoka nje kabisa.

Nikadhani imeisha. Haikuisha. Picha ikageuka, ikaanza kuonesha mchanga. Mchanga, ncha ya kiatu changu, miguu ya jogoo inaparura. Sikuwa nimeizima kamera. Ilikuwa inaning'inia shingoni kwangu inaendelea kurekodi kila kitu, na sauti ya mtani ikatoka, sasa ya kawaida, ya chini.

"Ameshakubali kwenda?"

Sauti yangu, ya haraka: "Wapi! Anaringa tu."

"Haringi. Anaogopa. Hata mimi ningeogopa." Jogoo akaparura, akaparura. "Wale tuliokuwa tunatukanana nao wote wameshakwisha. Nimebakiwa na huyo. Asiporudi, nani ataniita mtumwa?"

"Atarudi, bibi. Mimi naondoka, bodaboda inanisubiri."

Na hapo ikakatika.

Niliona haya kwa ile sauti yangu, inavyokimbia mbele ya mtu mzima anayeongea. Bibi alitoa rimoti chini yake, akanipa.

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Akaisikiliza tena, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza taarifa ya habari. Mchanga, miguu ya jogoo, nani ataniita mtumwa.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo, mama," mama mdogo akasema.

"Sasa mnanikodolea macho ya nini? Viatu."

Mama mdogo akakimbia, akaleta kandambili moja, ya mguu mzima.

"Nimesema viatu," bibi akasema.

Ikatafutwa ya pili, mpaka ikapatikana nyuma ya pipa la maji, imejaa vumbi. Haikuingia, bandeji ilikuwa nene. Tukambeba, mimi na mama mdogo na dereva, yeye anatupangia nani ashike wapi. Alipokaa sawasawa kwenye gari akaniamuru niwashe kamera. Nikawasha, na safari hii nikahakikisha mara mbili.

"Mtumwa wangu," akasema, amenyoosha kidole kwenye kioo, "mle huyo njiwa wako, ushibe. Mbuzi wangu huli. Nikitoka huku nakuja Kimamba kukuzika mimi, na nakuja kwa miguu, na nitaanza na hilo koti lako." Akakaza kilemba. "Unisubiri."

Nikazima. Tukafunga mlango, mama mdogo akapanda nyuma na mito. Gari likaingia barabara kuu kuelekea Morogoro, na kupitia dirishani nilimuona bibi amekaa wima, ile kandambili ya pili ameipakata, anaifuta vumbi kwa upindo wa kanga.